Injini Inagonga Mbele? Kagua Puli Kwanza

Wengi wetu hatuna gari. Lakini wengi tunategemea gari la mtu au la kikundi. Likiharibika, ndizi zinaivia shambani na mgonjwa anachelewa kufika hospitali. Kwa hiyo ni vizuri tuelewe jinsi gari linavyofanya kazi, ili tusitoe fedha gizani. Leo tutajifunza juu ya puli ya krenkishafti iliyolegea.

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima hapa Songambele kina pikapu ya zamani. Siku moja injini inaanza kugonga upande wa mbele: ko-ko-ko. Mmoja anasema, "Mwenyekiti, beringi za ndani zimekufa. Injini ishushwe." Mwingine anasema, "Hapana bwana, kaza tu ile bolti ya mbele, twende."

Tumsikilize nani? Inawezekana wote wawili wamekosea. Injini ikishushwa bure, fedha ya msimu mzima wa kahawa inaweza kuishia gereji. Na bolti ikikazwa bila kukagua, kishindo kitarudi na hasara itakuwa kubwa zaidi. Njia nzuri ni kupima kwanza.

PULI HII NI NINI?

Ndani ya injini kuna mhimili mnene wa chuma uitwao krenkishafti. Pistoni zinapopanda na kushuka, zinauzungusha mhimili huo. Ncha yake inatokeza mbele ya injini. Kwenye ncha hiyo kuna gurudumu la chuma lenye mfereji wa mkanda. Hilo ndilo puli. Mkanda wake huzungusha alteneta inayochaji betri. Katika magari mengi ya zamani huzungusha pia feni na pampu ya maji.

Puli inashikwa na vitu viwili. Cha kwanza ni bolti kubwa ya katikati. Cha pili ni kipande kidogo cha chuma kinachoingia kwenye mfereji wa krenkishafti na mfereji wa puli. Mafundi hukiita kii. Kazi yake ni kuzuia puli isiteleze.

Fikiri juu ya shoka na mpini wake. Kabari ikiisha, shoka linacheza. Ukiligonga chini litakaza kidogo, lakini baada ya kukata mti mmoja litalegea tena, na kila likicheza linakula mpini. Puli nayo ni hivyo hivyo.

KWA NINI INAHARIBIKA UPESI?

Krenkishafti haizunguki kwa mwendo laini kama maji ya mto. Kila moto unapowaka juu ya pistoni, krenkishafti inasukumwa kwa nguvu. Injini ya pistoni 4 hupata misukumo 2 kwa kila mzunguko. Haya, tupige hesabu. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, gari likiwa limesimama, misukumo ni 800 × 2 = 1,600 kila dakika. Puli iliyolegea inapigwa mara zote hizo. Kii inalika, mfereji unapanuka, na mwisho ncha ya krenkishafti inaharibika. Bolti ni kitu kidogo. Krenkishafti ni moyo wa injini.

Hata viwanda vikubwa vimepata shida hii. Kampuni ya Mazda ya Japani ilianza kutengeneza gari dogo liitwalo MX-5 mwaka 1989. Katika injini za mwanzo, ncha ya krenkishafti ilikuwa fupi na bolti yake nyembamba. Baadhi ya magari hayo yalilegea puli na kuharibu krenkishafti. Mwaka 1991 kiwanda kikabadilisha, kikaweka ncha ndefu na bolti nene zaidi.

DALILI ZAKE

1. Kishindo mbele ya injini, hasa gari likiwa limesimama linanguruma.
2. Puli inayumba ukiitazama, kama gurudumu la baiskeli lililopinda.
3. Mkanda unapiga kelele, unaruka, au unalika pembeni.
4. Taa ya chaji inawaka, au injini inachemka kwa sababu mkanda hauzungushi vizuri.
5. Oili inavuja nyuma ya puli, kwa sababu sili ya mbele imelika.

Dalili moja haitoshi. Mkanda mbovu nao hupiga kelele. Ndiyo maana lazima tupime.

JINSI YA KUPIMA

Kwanza usalama. Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi. Watoto wakae mbali. Anayekagua asivae kanga, skafu wala shati la mikono mipana. Injini ikiwaka, usipeleke mkono karibu na mkanda.

Hatua ya 1: Washa injini, simama pembeni, mulika puli kwa tochi. Je, inayumba? Kisha zima injini.

Hatua ya 2: Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chora mstari wa chaki kutoka katikati ya puli mpaka ukingoni. Puli nyingi zina vipande viwili vya chuma vilivyoshikanishwa na mpira. Washa injini kidogo, kisha zima na utazame. Mstari ukikatika katikati, yaani nusu ya nje imehama, mpira umeachia. Hapo dawa ni puli nyingine. Kukaza bolti hakutasaidia.

Hatua ya 3: Zima injini, toa waya wa hasi wa betri. Legeza na kutoa mkanda. Shika puli kwa mikono miwili, uitikise juu na chini, kushoto na kulia. Haitakiwi kucheza hata kidogo juu ya krenkishafti. Ikicheza, umepata ugonjwa.

Hatua ya 4: Kama puli haichezi, rudisha waya wa betri, washa injini bila mkanda kwa nusu dakika tu. Usizidishe, maana pampu ya maji haizunguki. Kishindo kikitoweka, kagua mkanda, alteneta na pampu ya maji. Kikiendelea, sasa ndipo umwite fundi akague ndani ya injini.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kazi hii afanye fundi. Lakini mwenye gari asimame hapo aone, maana hatua hizi ndizo zinazorukwa.

1. Toa waya wa hasi wa betri. Legeza bolti ya puli. Gari la gia za mkono liwekwe gia ya juu, na mtu akanyage breki, ili injini isizunguke. Gari la gia za kujiendesha linahitaji kifaa cha kushikia puli. Usikubali bolti ilegezwe kwa kuegemeza spana na kupiga selfu. Spana inaweza kuruka na kuvunja mkono.

2. Puli itolewe kwa kifaa cha kuvutia, siyo kwa nyundo wala mtarimbo.

3. Kagua vitu vitano: kii, mfereji wa puli, mfereji wa krenkishafti, nyuzi za bolti, na sili ya oili. Kii ikilika, weka mpya. Tundu la puli likipanuka, tafuta puli nyingine. Usikubali kujaziwa kipande cha bati. Bati litasagika na puli italegea tena. Mfereji wa krenkishafti ukiharibika, kazi hiyo ni ya karakana yenye mashine za kuchongea vyuma.

4. Katika injini nyingi, bolti hiyo hiyo hubana na gia ya taimingi iliyo nyuma ya puli. Gia hiyo nayo ikaguliwe. Ikihama, vali zinaweza kugongana na pistoni.

5. Safisha vyuma, weka bolti mpya na washa yake, kisha kaza kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

KUSOMA KIPIMO

Hapa ndipo kisomo chako kinapoleta faida. Kila bolti kubwa ina kipimo chake cha kukazwa. Kitabu kipya huandika kwa Nm, yaani nyutoni-mita. Vitabu vya zamani vya Kiingereza huandika kwa pauni-futi. Tahadhari: vipimo hivi si sawa. Pauni-futi 110 ni karibu Nm 150. Ukisoma 110 ukadhani ni Nm, bolti itabaki imelegea. Namba bila kipimo ni nusu ya habari.

Kifaa cha kukazia kwa kipimo huitwa toki renchi. Fundi asipokuwa nacho, aazime. Lakini hata mizani ya ndoano tunayopimia kahawa inaweza kutusaidia tuelewe. Chukua spana yenye mpini wa mita 1. Funga mizani mwishoni mwa mpini, uvute kwa pembe mraba, kama kona ya daftari. Zidisha hivi:

kilo × 10 × urefu wa mpini kwa mita = Nm

Mizani ikisoma kilo 15, basi 15 × 10 × 1 = Nm 150. Mpini ukiwa nusu mita, lazima uvute kilo 30 ili upate Nm 150 hizo hizo. Ndiyo maana kusema "nimekaza sana" hakutoshi. Umekaza kiasi gani? Kwa mpini wa urefu gani?

Kazi ikiisha, andika katika daftari la gari: tarehe, kifaa kilichobadilishwa, kipimo cha kukaza na fedha iliyotumika. Baada ya siku chache, chora tena mstari wa chaki kutoka kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye puli. Kesho yake utazame. Mstari ukiwa haujakatika, bolti haijahama.

Ndugu msomaji, hatusemi kila mmoja wetu awe fundi. Tunasema anayelipa aweze kuuliza. Ukiambiwa injini ishushwe, uliza: "Puli imekaguliwa?" Ukiambiwa bolti imekazwa, uliza: "Kii umeiona? Kipimo ni ngapi?" Fundi mzuri hatakasirika. Atakuonyesha.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kii ya puli inafanana na kitu gani katika shoka?
2. Kwa nini kukaza bolti peke yake hakutoshi?
3. Injini ya pistoni 4 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, inapata misukumo mingapi?
4. Kitabu kinasema Nm 120. Mpini wako ni mita 1. Mizani isome kilo ngapi?
5. Je, gari, baiskeli au mashine ya kusaga ya kijiji chenu ina daftari la matengenezo? Nani analiandika?