Dondoo muhimu: Kuhamishia betri nyuma ya gari

Pikapu inayobeba kahawa na mahindi kutoka Itaka, wilayani Mbozi, haina huruma kwa waya uliofungwa ovyo. Zingatia haya:

1. Fungua hasi kwanza. Ukirudisha, iwe ya mwisho.
2. Usitumie waya wa nyumba. Tafuta waya mnene wa shaba, milimita 50 za mraba kwa mita nne au tano. Mwembamba hupata moto na stata huzunguka kichovu.
3. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri. Wengi huifunga mbele, karibu na injini. Waya ukichunika katikati na kugusa bodi, fyuzi hiyo haikati kitu.
4. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ufunge ethi. Injini nayo iwe na yake.
5. Waya unapotoboa bati, uvishe mpira. Uepushe na ekzosi na bomba la mafuta.
6. Betri ya maji ndani ya kabini? Hapana. Hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.
7. Ibane kwa chuma na nati, si kwa kamba ya mpira.
8. Piga stata huku ukipima volti kwenye betri na kwenye stata yenyewe: tofauti ikizidi nusu volti, kagua viungo vyote upya.