JSON au XML? Omba Jibu Linalofaa Kutoka kwa Wingu Unakoweka Risiti Zako

Kama unapokea malipo kwa till au paybill, huenda fundi wako wa programu ameshakushauri uhamishie risiti zako kwenye hifadhi ya wingu, kama vile Google Cloud Storage au Amazon S3. Ushauri mzuri. Simu ikiibiwa kwenye matatu, rekodi zinabaki, na sheria ya kodi ya Kenya inataka uzitunze kwa miaka 5.

Kuweka risiti huko si ngumu. Kazi iko kwenye kuzitoa. Programu yako inapoliambia wingu "nipe risiti za Mei", ombi hilo hupitia API, na jibu linaweza kuja kwa muundo zaidi ya mmoja. Ukiomba jibu vibaya, hesabu ya mwisho wa mwezi haitalingana na pesa zilizoingia. Mimi nilisomea masoko, si kompyuta, kwa hivyo usiogope. Haya ni mambo unayoweza kumuuliza fundi wako hata kama hujawahi kuandika programu.

Miundo miwili mikubwa ni JSON na XML. Risiti moja kwenye orodha ya JSON inaonekana hivi:

{"name": "2025-05-17/risiti-0412.pdf", "size": "48213"}

Kwa XML, risiti ileile inakuja hivi:

<Contents><Key>2025-05-17/risiti-0412.pdf</Key><Size>48213</Size></Contents>

Habari ni ileile, ila XML hurudia kila jina mara mbili, kufungua na kufunga, kwa hivyo huwa ndefu zaidi. Google inakupa API zote mbili, ya JSON na ya XML. S3 hujibu orodha zake kwa XML. Maoni yangu: ukianza upya na Google, chukua JSON, maana hata API za malipo kama Daraja ya M-PESA huongea JSON na fundi wako ameizoea. Lakini kama mfumo wako ulijengwa kwa S3 na unafanya kazi, usimlipe mtu kuubadilisha eti kwa sababu JSON ni ya kisasa.

Kuna chaguo jingine ambalo watu hulisahau. Kwenye API ya JSON ya Google, ukiomba faili bila maelezo zaidi, unaletewa habari *kuhusu* faili: jina, ukubwa, lini iliwekwa. Risiti yenyewe haiji. Ukiitaka, ombi liwe na alt=media. Mteja akikuambia kwamba PDF uliyomtumia haifunguki na ina ukubwa kidogo ajabu, anzia hapo. Pengine ametumiwa maelezo yaliyopewa jina la risiti.

Sasa tuje kwa ile inayouma. Tuseme una duka la vipuri Kirinyaga Road, Nairobi, na unapokea malipo 60 kwa siku. Mei ina siku 31, kwa hivyo una risiti 1,860. Programu inaomba orodha ya mwezi mzima. Google na S3 zote kwa kawaida hutoa faili zisizozidi 1,000 kwa jibu moja. Kama majina ya faili yanaanza na tarehe, utapata siku 16 kamili na risiti 40 za tarehe 17, basi. Risiti 860 hazimo, na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona, kwa sababu kwa upande wa wingu hilo ni jibu sahihi kabisa.

Jibu lenyewe hubeba alama kwamba kuna zaidi. Kwenye JSON ya Google alama hiyo ni nextPageToken. Kwenye XML ya S3 utaona IsTruncated ikiwa true. Programu inatakiwa kuichukua tokeni, iombe ukurasa unaofuata, na iendelee hivyo mpaka isipewe tokeni nyingine.

Halafu kuna mtego ndani ya mtego. Google ina kigezo kiitwacho fields, kinachokuruhusu kuomba sehemu unazohitaji tu. Kwa mtu anayetumia bando ni kitu kizuri sana. Fundi anaandika fields=items/name,items/size na jibu linakuwa jepesi. Lakini hakuomba nextPageToken, kwa hivyo haitaletwa, na programu itadhani orodha imeisha. Namna salama ni hii:

fields=items/name,items/size,nextPageToken

Kupima ni rahisi. Chukua taarifa ya malipo ya mwezi mmoja wenye biashara nyingi, hesabu miamala, kisha muulize fundi programu imeona faili ngapi. Akikujibu 1,000 kamili, usikubali kabla hajakuonyesha ukurasa wa pili.

Angalia pia saa. Wingu huandika muda kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Risiti iliyowekwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni itaandikwa 2025-05-31T21:30, yaani bado Mei! Ukilipa kodi ya mauzo kila mwezi, hiyo ni tofauti ya mwezi mzima. Tena muda huo, timeCreated, ni wa faili kuingia kwenye wingu, si wa mteja kulipa. Kama mtandao ulikuwa umepotea, faili inaweza kufika kesho yake. Kwa hesabu za pesa tumia muda wa muamala ulioandikwa ndani ya risiti.

Na nambari za simu: kwenye JSON ziwekwe ndani ya alama za kunukuu, kama "0712…", kwa sababu JSON hairuhusu namba ianze na sifuri. Ukitoa orodha kwa CSV na kuifungua moja kwa moja kwenye Excel, sifuri ya mbele itapotea vilevile. Ingiza faili kupitia menyu ya data, na uiambie Excel safu hiyo ni maandishi.