Somo la Robo Hii: Kupanga Diski za Seva Ndogo Kabla ya Kununua

Kuna swali ambalo kamati za sharika huuliza, na wafadhili nao wana haki ya kuliuliza: "Tumelipia diski nne za terabaiti 4, yaani terabaiti 16. Mbona seva inaonyesha 7 na ushee?" Hakuna aliyeibiwa. Katika somo hili tunapenda kueleza hizo nyingine zimekwenda wapi, kwa sababu maelezo hayo yanatakiwa yawemo kwenye andiko la mradi kabla fedha haijatoka.

Seva tunayoizungumzia ni kompyuta ndogo inayokaa nyumbani au ofisini, ikitunza mafaili ya watu kadhaa kwa pamoja: picha, hesabu, na vitabu vya ubatizo na ndoa vilivyopigwa skani. Programu huziunganisha diski zake zikawa ghala moja. Tutatumia mfano wa ZFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Siku hizi inaendelezwa kwa jina la OpenZFS, nayo haina malipo.

Tuanze na mahitaji. Ukurasa mmoja wa kitabu ukipigwa skani vizuri huchukua megabaiti 2 au 3, hivyo kitabu cha kurasa 400 hakizidi sana gigabaiti moja. Video ndiyo mlaji: saa moja iliyorekodiwa kwa simu yaweza kuchukua gigabaiti 4 hadi 8. Kamati ikiorodhesha hivyo itagundua kwamba vitu visivyoweza kupatikana tena vinachukua nafasi ndogo, na vile vinavyojaza diski aghalabu vingeweza kufutwa.

Sasa tuje kwenye mpangilio wenyewe. Diski nne za terabaiti 4 zinaweza kuunganishwa kwa namna nne. Ya kwanza ni kuziunga tu bila tahadhari: unapata 16 zote, lakini diski moja ikifa ghala zima limekwenda. Hii hatuipendekezi kwa jambo lolote la maana. Ya pili huitwa RAIDZ1: unapata 12, na diski moja yoyote ikifa kazi inaendelea. Ya tatu, RAIDZ2, inakupa 8 na kuvumilia vifo viwili vyovyote. Ya nne ni ya mapacha: diski mbili mbili, kila moja ikiwa na nakala ya mwenzake. Nayo inakupa 8, na kifo kimoja haikidhuru. Kifo cha pili kikiangukia pacha aliyebaki pekee, ghala limepotea. Kikiangukia jozi nyingine, mmesalimika.

Kisha kuna tofauti ya hesabu. Kiwanda huhesabu kwa elfu, kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, na kwa hiyo diski ya "4" husomeka kama 3.64. Ndiyo maana 8 inaonekana 7.28. Tena si vema kuijaza kupita asilimia 80 hivi, kwa kuwa ZFS huandika mahali papya kila faili linapobadilishwa, na nafasi ikibana kazi hupungua kasi. Katika 16 zilizolipiwa, kamati ipangie matumizi ya 5.8.

Kwa ofisi ndogo sisi tunapendelea mapacha. Diski ikifa, mpya hujengwa kwa kunakili pacha wake tu, na ghala likijaa unaongeza jozi moja, au unabadilisha jozi iliyopo kwa diski kubwa zaidi. RAIDZ kwa miaka mingi haikuruhusu kuongezewa diski moja. Uwezo huo umekuja na OpenZFS 2.3, Januari 2025. Lakini mwenye seva iliyo mbali na fundi, ambako diski mpya huchukua wiki mbili kufika, anayo sababu nzuri ya kuchagua RAIDZ2. Jambo moja likatazwe kwa wote: kuchomeka diski moja pekee na kuiunga kwenye ghala kama fungu linalojitegemea, eti kuongeza nafasi kwa muda. Ikifa hiyo moja, imeondoka na zote. Na kwenye ghala la RAIDZ, fungu likishaongezwa hivyo haliondolewi tena.

Ndani ya ghala tengenezeni vyumba: hesabu, vitabu vya usharika, picha, video. Kila chumba kinaweza kuwa na masharti yake. Chumba chenye majina ya watu kifungwe kwa usimbaji tangu siku kinapoundwa, maana ZFS haiwezi kukifunga baadaye bila kuhamisha mafaili kwenda chumba kipya. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inazihusu taarifa za washarika.

Mapacha si nakala ya akiba. Mtu akifuta faili, linafutwa kwa pacha wote wawili papo hapo. Radi ikipiga, au mwizi akibeba seva, diski zote nne zimekwenda pamoja. Kwa hiyo bajeti iwe na diski ya tano, ya nje, inayopokea nakala ya vile vyumba visivyoweza kurudishwa, kisha ikatunzwa katika jengo jingine. Mmeona kwamba vyumba hivyo ni vidogo. Diski ya terabaiti 2 yaweza kutosha. Kila robo mwaka mtu ajaribu kufungua mafaili kumi kutoka humo, tena kwenye kompyuta nyingine.

Mwisho, gundi na karatasi. Kila diski ina namba yake ya kiwandani. Iandikeni kwenye karatasi na kuibandika upande wa mbele, pale diski inapoingizwa, kisha mchoro wa jozi ubandikwe ndani ya mlango wa kabati. Siku diski moja itakapokufa, fundi atakuwa na haraka, pengine umeme umekatika na UPS inalia. Akichomoa pacha aliye hai badala ya mfu, ghala litasimama hapo hapo.