Mwanafunzi wa Tranquebar

Somo: Luka 2:41–52

Someni kwanza habari hii ya Luka, kisha angalieni jambo moja. Wachoraji wengi wamemchora Mtoto Yesu amesimama Hekaluni akiwafundisha wazee. Luka hakuandika hivyo. Asimulia kwamba wazazi walimkuta ameketi kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Majibu yake yaliwashangaza, ni kweli, lakini kusikiliza kulitangulia. Yeye aliyekuja kuufundisha ulimwengu alikaa kwanza mahali pa mwanafunzi.

Tusikiapo habari za watu waliopelekwa ng'ambo na Injili, mara nyingi twasimuliwa mahubiri yao na hesabu ya waliobatizwa. Siku zao za kawaida hatusimuliwi: waliketi na nani, walijifunza nini, na ni nani aliyewafundisha. Basi mwezi huu tuzitazame siku za kijana mmoja wa Kanisa letu la Kilutheri. Saa za kazi yake twazijua kwa kuwa aliziandika mwenyewe katika maandiko aliyoyapeleka Ulaya.

Jina lake Bartholomäus Ziegenbalg. Alizaliwa mwaka 1682 katika mji mdogo wa Pulsnitz, nchi ya Saksonia huko Ujerumani. Alifiwa na wazazi angali mtoto, na mwili wake haukuwa na nguvu tangu ujana. Alisoma Halle, mahali alipofundisha August Hermann Francke, lakini ugonjwa ulimkatiza masomo. Mwaka 1705 Mfalme Frederik wa Nne wa Denmark alitafuta watu wa kuihubiri Injili katika makoloni yake. Wakachaguliwa Ziegenbalg na mwenzake Heinrich Plütschau. Wakasafiri kwa merikebu zaidi ya miezi saba, wakafika tarehe 9 Julai 1706 Tranquebar, ambao wenyeji huuita Tharangambadi, mji wa pwani ya mashariki ya Bara Hindi. Wafanya biashara wa Denmark walikuwa wamekaa hapo tangu mwaka 1620, nao hawakupenda wahubiri waje kuwatia wenyeji mawazo mapya. Mkuu wa mji aliwapokea kwa ubaridi, akawangojesha kutwa nzima.

Basi walikuwa wageni wasiotakiwa na wazungu wenzao, tena bubu mbele ya wenyeji. Katika mji zilisemwa lugha mbili: Kireno cha mitaani, walichotumia watumishi wa wazungu, na Kitamili, lugha ya watu wa nchi. Plütschau alishika Kireno, Ziegenbalg akashika Kitamili. Hawakuwa na kamusi mkononi wala kitabu cha sarufi. Wakamwendea mwalimu mmoja wa watoto, mzee wa miaka sabini, wakamwomba aihamishie shule yake nyumbani mwao. Akakubali, akaja na watoto wake. Ndipo watu hawa wazima, waliokwisha kusoma Maandiko kwa Kigiriki na Kiebrania, walipoketi chini kati ya watoto na kuandika herufi kwa kidole mchangani. Kitamili kina vokali 12 na konsonanti 18, nazo zikiungana huzaa maumbo mengine, hata jumla hufika 247. Nadhani watoto walicheka; mtoto wa miaka sita amwonapo mtu mwenye ndevu akikosea herufi ya kwanza, ni vigumu kujizuia.

Lakini hata walipozijua herufi, maana ya maneno hawakuijua, kwa kuwa mzee yule hakusema lugha yo yote ya Ulaya. Walisoma kwa sauti wasichokifahamu. Ndipo wakampata Alagappa, ambaye katika barua zao huitwa Aleppa. Zamani alikuwa mkalimani wa Kampuni ya Denmark. Alijua Kireno, Kidenmark, Kiholanzi na Kijerumani. Yeye ndiye aliyewafungulia mlango.

Sasa zitazameni saa zenyewe. Tangu saa moja ya asubuhi hata saa mbili, Ziegenbalg alirudia maneno na misemo aliyokwisha kuiandika. Tangu saa mbili hata saa sita alisoma vitabu vya Kitamili ambavyo hakuvisoma bado. Katika saa hizo nne waliketi pamoja naye malenga mmoja mzee na mwandishi mmoja. Kazi ya mwandishi ilikuwa kuandika mara moja kila neno jipya. Kazi ya malenga ilikuwa kueleza. Na shairi likiwa gumu, aliligeuza kwa maneno ya kila siku, kama vile mtu wa pwani awezavyo kumweleza mtu wa bara tenzi za kale. Vitabu hivyo havikuwa vya karatasi. Vilikuwa majani ya mvumo yaliyokatwa sawasawa, yakachorwa herufi kwa kalamu ya chuma, yakatungwa kwa uzi. Wakati wa chakula cha mchana mtu alimsomea, asipoteze saa hiyo. Alasiri, tangu saa tisa hata saa kumi na moja, alisoma tena. Na usiku, saa moja hata saa mbili, alisomewa na mtu mwingine, ili ayapumzishe macho yake. Alipenda hasa waandishi ambao angeweza kuufuata usemi wao katika kunena na kuandika kwake, akawarudia mara nyingi sana, mpaka maneno yao yakawa yake.

Kwa njia hiyo alikusanya maneno yapata 20,000 kabla ya mwaka 1708 kwisha. Tena aliwatuma watu bara kununua vitabu, akaandika orodha ya vitabu zaidi ya 100 vya Kitamili, pamoja na maelezo ya kila kimoja.

Lakini faida ya saa zile haikuwa maneno tu. Alikuwa ametoka Ulaya akidhani, kama wengi waliomtuma, kwamba watu hawa hawana elimu wala adabu. Alipovisoma vitabu vyao aliandika waziwazi kwamba dhana hiyo yatokana na kutojua lugha yao. Aliona wana sheria, mashairi, elimu ya dawa na mafundisho ya mwenendo mwema ambayo Wakristo wengi wa Ulaya wangeyaonea haya. Hakuacha imani yake kwa ajili hiyo. Alihubiri Kristo peke yake, wala ibada ya sanamu hakuiita jina jingine. Ila sasa alijua anabishana na nini. Na msikilizaji humtambua upesi mhubiri aijuaye nyumba anayoibishia hodi.

Kazi hii haikumwepusha na mateso. Mwishoni mwa mwaka 1708, baada ya kumtetea mjane mmoja maskini, alitiwa gerezani na mkuu wa mji kwa miezi minne. Kabla ya kufungwa alikuwa ameanza, tarehe 17 Oktoba, kulifasiri Agano Jipya. Alipofunguliwa aliirudia kazi, akaimaliza tarehe 31 Machi 1711. Rafiki wa Uingereza walipeleka mtambo wa kupiga chapa, na herufi za Kitamili zikatengenezwa Halle. Mwaka 1714 zikapigwa chapa Injili na Matendo ya Mitume, na mwaka 1715 Agano Jipya lote. Asomaye tarehe hizi tu atasema ilikuwa kazi ya miaka michache. Mimi naona ilianza siku ile ya mchanga.

Hata hivyo si wote waliomtuma waliofurahi. Mwaka 1713 aliandika kitabu kikubwa juu ya miungu ya Watamili, kama alivyoelezwa na wenyeji wenyewe, akakipeleka Halle. Francke, mtu wa Mungu ambaye twamheshimu kwa nyumba yake ya yatima na mengi mengine, alijibu kwamba wamisionari wametumwa kuung'oa upagani, si kueneza upuzi wake katika Ulaya. Kitabu kikawekwa, kisipigwe chapa mpaka mwaka 1867, huko Madras. Hapa yatupasa kuamua sisi wenyewe. Francke aliogopa kwamba mtu ajifunzaye sana habari za wengine ataisahau kazi aliyotumwa. Hofu hiyo si ya kipumbavu. Wako waliopotea hivyo. Lakini mwandishi huyu yuko upande wa Ziegenbalg, kwa kuwa daktari asiyeuliza mgonjwa aumwa wapi hatoi dawa, abahatisha tu.

Jambo hili si la Bara Hindi peke yake. Misioni ya Leipzig, iliyoipokea kazi ya Tranquebar katika miaka ya 1840, ndiyo iliyotuma watu wake Kilimanjaro mwaka 1893. Bruno Gutmann, aliyefika huko mwaka 1902, aliketi na wazee wa Kichaga akayaandika mafundisho waliyowapa vijana wao. Yakatoka katika vitabu vitatu, 1932 hata 1938. Na Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alisaidiwa na kadhi wa mji, Mwislamu. Alifiwa na mke wake na mtoto mchanga mwaka ule ule, lakini daftari la maneno hakuliweka chini.

Nanyi waalimu na wainjilisti, mliopelekwa sharika zisizo za kwenu, hamkuvuka bahari, lakini wengine mmevuka lugha. Je, katika saa zenu za juma mna saa hata moja ya kuketi na mzee wa mahali hapo na kuandika asemayo? Na mzee huyo hupewa heshima ya mwalimu, au huitwa kwa ajili ya mbao za kanisa tu? Ziegenbalg aliwalipa waalimu wake. Majina ya Alagappa na ya wachache wengine twayajua. Ya wengi hatuyajui, ingawa kila ukurasa wa Agano Jipya lile ulipitia vinywani mwao.

Ziegenbalg alikufa tarehe 23 Februari 1719, umri wa miaka 36, akazikwa katika kanisa la Yerusalemu Mpya alilolijenga. Agano la Kale alikuwa amelifikisha kitabu cha Ruthu. Benjamin Schultze akaendelea. Mwaka 1733, tarehe 28 Desemba, Mtamili wa kwanza akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kilutheri, jina lake Aaron. Habari zake, Mungu akitujalia, tutazisoma mwezi ujao.