Siku ya chanjo kwenye depo ya koperative: namna ya kuipanga



Mwezi huu tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya chanjo ya watu wakubwa wakati ugonjwa wa kuambukiza unapita katika inchi yote.

Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka: mutumishi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alikuwa na hospitali ya kampuni, yeye na bibi na watoto wake. Mulimaji hana kampuni. Lakini ana koperative, na koperative iko na vitu vitatu ambavyo munganga anahitaji: orodha ya majina, depo yenye kivuli, na siku ambayo watu wanazoea kukutana.

Kwa nini kupanga mbele?

Tukumbuke COVID-19. Tarehe 2 Machi 2021, Kongo ilipokea dozi milioni 1,7 za AstraZeneca. Kazi ya kuchanja ilianza tarehe 19 Aprili tu. Muda wa dozi ulikuwa unakaribia kwisha, na karibu milioni 1,3 zikapelekwa katika inchi zingine, kama vile Ghana. Chanjo ni kama mbegu yenye tarehe kwenye mufuko: haingojei mwenye shamba akiwa bado anafikiri.

Kuna jambo lingine. Kichupa kimoja cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10. Kikisha kufunguliwa, kilipaswa kwisha ndani ya saa 6, kilichobaki kilitupwa. Wakikuja watu sita, dozi nne zilikuwa zinapotea. Ndiyo maana munganga hapendi kutembea mbali kwa watu wasiohesabiwa.

Hatua za kufuata

1. Mwende kwanza kwa munganga mukubwa wa kituo chenu cha afya. Yeye ndiye anaomba dozi kwenye zone ya afya. Komite isinunue dawa pembeni hata siku moja. Dozi za serikali ni za bure. Mutu akiwaomba makuta, muulize kwenye zone.

2. Mufanye mkutano mbele ya kuandika majina. Munganga ajibu maulizo yeye mwenyewe. Watu watauliza: "Homa inakamataka siku ngapi?" Jibu ni hili: mukono kuuma, kuchoka na homa kidogo vinaweza kuja, na kawaida vinapita kwa siku moja ao mbili. Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha na mwenye ugonjwa wa siku nyingi waseme na munganga pembeni, si mbele ya wote.

3. Muandike orodha, na, kama kichupa kina dozi 10, muihesabu kwa makumi. Wakiwa 34, vichupa vitatu vinajaa na wanne wanabaki. Mutafute sita wengine wa akiba: mwalimu, muuza soko, mzee jirani. Hivyo kichupa cha nne hakipotei.

4. Muchague siku kufuatana na kazi ya shamba. Dozi mbili za AstraZeneca zilikuwa zinaachana wiki 8 mpaka 12. Kwa chanjo kama hiyo, mukipokea ya kwanza katikati ya Agosti, ya pili inaweza kuingia mwezi wa Oktoba, mbele ya kupanda mahindi. Wenye bustani za lenga-lenga wanamwangia maji asubuhi na magaribi. Basi muanze saa nne.

5. Mutengeneze depo. Muondoe dawa za wadudu na mbolea siku moja mbele, mufagie, mufungue milango. Kuwe meza, maji na sabuni, na viti kwenye kivuli, kwa sababu kila mutu anakaa dakika 15 kisha sindano. Glasiere ya chanjo inakaa mbali na jua, na munganga tu ndiye anaifungua: baridi inapaswa kubaki kati ya digri 2 na 8.

6. Karani aandike tarehe ya kurudi katika daftari, na mutu abaki na karte yake. Wiki moja mbele ya dozi ya pili, mutume kijana na kinga apite nyumba kwa nyumba.

Jambo ambalo linaweza kuvunja koperative

Tumesikia wengine wanasema: "Mwenye kukataa sindano, asipewe mbolea." Hapana. Mbolea ni haki ya memba aliyelipa mchango wake. Mukimunyima, ataacha koperative na chanjo vyote pamoja, na jamaa yake itamufuata. Chanjo ni hiari. Orodha ya waliochanjwa isibandikwe ukutani, na presidenti asiisome mkutanoni. Mwenye kuogopa leo, akiona jirani yake amerudi shambani salama, anaweza kuja kwa zamu ya pili.

Bamemba wenye kufuga kuku wanajua kazi hii tayari. Kwa Newcastle, munakubaliana siku moja, nyumba zote, kwa sababu banda moja likibaki, ugonjwa unapata pa kulala. Kwa watu ni vilevile, ila mutu anaulizwa kwanza.

Na ugonjwa hautakuwa COVID tu. Chanjo ya mpox ilianza Goma tarehe 5 Oktoba 2024, nayo ni dozi mbili, zenye kuachana wiki nne. Kwa chanjo ingine mutabadilisha hesabu ya vichupa na ya wiki. Orodha, depo na daftari vitabaki vilevile.

Kazi ya mwezi huu: komite iandike majina na umri wa bamemba wote, na presidenti aende kumwona munganga mbele ya mkutano ujao.

Kazi njema.