Kwa Nini Kibodi Husahau: Mpangilio wa Vitufe Wakati Kompyuta ya Linux Inapowaka

Watu wengi hudhani kuwa kitufe kilichoandikwa A kinapobonyezwa, kibodi hupeleka herufi A ndani ya kompyuta. Sivyo. Kibodi hupeleka nambari ya mahali kitufe kilipo tu, wala haina habari ya wino uliochapwa juu yake. Katika mfumo wa Linux, kitufe kinachofuata kile cha Tab, upande wake wa kulia, hujulikana kwa nambari 16. Ni kazi ya programu kuamua kama 16 iwe q, kama ilivyo katika kibodi za Kiingereza, au iwe a, kama ilivyo katika kibodi za Kifaransa. Jedwali la kugeuza nambari kuwa herufi ndilo huitwa mpangilio wa kibodi. Makala haya yanashughulika na swali moja: jedwali hilo hupakiwa na nani, na wakati gani, tangu kompyuta inapowashwa hadi mtumiaji anapoanza kazi yake?

Swali hili si la wataalamu pekee. Bujumbura na Lubumbashi, ambako Kifaransa kimekuwa lugha ya shule na ofisi, kibodi za AZERTY ni za kawaida. Dar es Salaam na Nairobi watu wamezoea QWERTY. Na kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya huweza kufika popote. Tuchukue mfano wa mtafiti aliyepata kompyuta yenye vitufe vya Kifaransa, lakini Debian iliyowekwa ndani yake imepewa mpangilio wa Kimarekani, ambao kwa ufupi huitwa us. Anaona herufi hazilingani na vitufe. Mwenzake anamwelekeza aandike amri setxkbmap fr, na papo hapo mambo yanakaa sawa. Akiwa katika hali hiyo anabadili neno lake la siri liwe maziwa. (Nimechagua neno fupi kwa ajili ya somo tu, asilitumie mtu.) Jioni anazima mashine. Asubuhi yake anaiwasha, anabonyeza vitufe kama vilivyoandikwa, na mashine inamkatalia. Anarudia mara 3, mara 10, nayo bado inamkatalia.

Hakuna kilichoharibika. Katika AZERTY, a imekaa mahali pa q, z mahali pa w, w mahali pa z, nayo m imekaa mahali pa nuktamkato. Skrini ya kuingilia imerudi katika mpangilio wa us, kwa hiyo kilichopokewa si maziwa bali ;qwizq. Kwa kuwa neno la siri huonyeshwa kwa vitone, mwenye mashine hana njia ya kuliona kosa hilo. Akiwa peke yake na awe na nafasi ya kuandika jina la mtumiaji, na aandike humo neno lake la siri: atayaona yaliyoandikwa kwa macho yake, kisha ayafute. Kwa bahati neno kama korosho lingepita katika mipangilio yote miwili, maana herufi zake hazihami. Tarakimu nazo zingemsumbua, kwani katika AZERTY hupatikana kwa kushikilia Shift.

Ili kuelewa kwa nini amri ya jana haikudumu, hapana budi tutazame jinsi mfumo ulivyojengwa kwa tabaka. Hapo mwanzo tabaka lilikuwa moja. Linus Torvalds alipotoa matoleo ya kwanza ya Linux mwaka 1991 huko Helsinki, jedwali la kibodi ya Kifini lilikuwa limeandikwa ndani ya kiini chenyewe cha mfumo. Aliyetaka mpangilio mwingine alilazimika kubadili maandishi ya programu na kukijenga kiini upya. Baadaye ikawezekana kupakia jedwali jingine bila kujenga upya, kwa amri ya loadkeys, na mpaka leo skrini ya maandishi matupu hutegemea jedwali lililo ndani ya kiini.

Juu ya kiini kuna seva ya X, inayochora madirisha. Mfumo wa X ulianzia katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, yaani kabla ya Linux, na una majedwali yake yenyewe. Sehemu yake iitwayo XKB, iliyoingizwa katika toleo la mwaka 1996, ndiyo inayotawala mipangilio hadi sasa. (Msomaji akitumia programu ya xev kutazama nambari za vitufe ataona 24 badala ya 16, X huongeza 8, kwa sababu itifaki yake haitumii nambari zilizo chini ya 8.) Amri ya setxkbmap hubadili jedwali lililo katika kumbukumbu ya seva hiyo, basi. Haiandiki chochote katika diski. Seva inapokufa, jedwali hufa nayo.

Juu zaidi kuna eneokazi, kama vile GNOME au Xfce, nalo hutunza chaguo lake. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu huandika setxkbmap fr katika faili ya .xsessionrc, ambayo Debian huisoma mtumiaji anapoingia katika kikao cha X, kisha hushangaa kuona haikufaa kitu. Kwa kweli faili ilisomwa na amri ikatekelezwa, lakini sekunde chache baadaye eneokazi likaamka na kuweka jedwali lake juu ya lile la kwanza. Anayesema mwisho ndiye anayesikilizwa. Wengine huiweka amri hiyo katika .bashrc, mahali ambapo kwa maoni yangu haifai kabisa, kwani faili hiyo husomwa pale tu dirisha la amri linapofunguliwa. Mtu asiyelifungua siku hiyo atakaa na mpangilio wa kale hadi jioni.

Mahali panapofaa kwa mashine nzima, katika Debian na jamaa zake, ni faili ya /etc/default/keyboard. Kwa mtafiti wetu mistari inayohusika ingekuwa hivi:

XKBMODEL="pc105"
XKBLAYOUT="fr,us"
XKBVARIANT=","
XKBOPTIONS="grp:alt_shift_toggle"

Maana yake ni kwamba mpangilio wa kwanza ni wa Kifaransa, wa pili wa Kimarekani, na kubonyeza Alt pamoja na Shift huhamisha kutoka mmoja kwenda mwingine. Asiyependa kuhariri faili kwa mkono anaweza, akiwa na mamlaka ya msimamizi, kuendesha amri ya dpkg-reconfigure keyboard-configuration, ambayo humwuliza maswali na kuandika faili hiyohiyo. Ubora wa faili hii ni kwamba skrini ya maandishi na seva ya X huichukua zote mbili kama chanzo, kwa hiyo skrini ya kuingilia haitatofautiana na vitufe. Eneokazi lenye orodha yake lirekebishwe kwa kutumia ukurasa wake wa mipangilio. Katika Xfce inatosha kuliambia lifuate chaguo la mfumo.

Lipo tabaka moja ambalo watu hawalioni, nalo ndilo la hatari zaidi. Ikiwa diski imefungwa kwa usimbaji fiche, fumbo la kuifungua huulizwa kabla diski yenyewe haijasomeka, na kwa hiyo kabla /etc/default/keyboard haijaweza kufikiwa. Jedwali linalotumika wakati huo ni nakala iliyohifadhiwa ndani ya faili ndogo ya kuanzishia mfumo. Kubadili faili ya mipangilio peke yake hakuigusi nakala hiyo. Lazima itengenezwe upya kwa amri ya update-initramfs -u. Asiyefanya hivyo, kisha akaweka fumbo jipya kwa mpangilio mpya, huenda akafungiwa nje ya takwimu zake za miaka mingi, na pale hakuna jina la mtumiaji la kujaribia herufi.

Kuhusu Wayland, iliyoanzishwa mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X, na ambayo GNOME ya Debian huitumia kwa chaguo la kawaida tangu toleo la 10 la mwaka 2019, nitasema kwa ufupi. Majedwali bado ni ya XKB, lakini seva ya kati haipo. Mwenye mamlaka ni programu inayopanga madirisha. Humo setxkbmap hufika kwa programu za kizamani tu. Katika GNOME tumia ukurasa wa mipangilio. Katika Sway andika input * xkb_layout fr ndani ya faili yake.

Mwandishi wa Kiswahili ana jambo lake la kuangalia. Mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa, uitwao us wenye lahaja ya intl, hukigeuza kibainishi kuwa kitufe kinachongoja herufi ifuatayo. Mtu huandika ng'ombe akapata ngómbe, ng'ambo ikawa ngámbo. Us wa kawaida hauna tabia hiyo. Katika hazina ya XKB imo pia mipangilio ya ke na tz, ya Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na chini ya ke imo lahaja ya kik kwa wanaohitaji ĩ na ũ za Gĩkũyũ.

Baada ya marekebisho yoyote, usizime mashine kwanza. Acha kikao chako wazi, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ili upate skrini ya maandishi, endesha setupcon kama msimamizi ili faili isomwe upya, kisha toka na ujaribu kuingia tena kwa neno lako la siri. Likikubaliwa, rudi kwenye madirisha na, ikiwa unatumia X, uitishe setxkbmap -query ulinganishe majibu yake na yale uliyoandika katika faili. Hapo ndipo uwashe upya.