Maktaba Inayoazimisha Mbegu

Wengi wetu tunajua maktaba ni mahali pa vitabu tu. Leo hebu tujifunze kutoka mji mdogo wa Basalt, jimbo la Colorado, Marekani. Kufikia mwaka 2013 maktaba ya umma ya mji huo ilikuwa ikiazimisha mbegu pia.

Kazi yenyewe ni hivi: baridi ikiisha na watu wakianza kulima, mtu anafika maktabani, anachukua pakiti ya mbegu, anaenda kupanda. Wakati wa mavuno anatoa mbegu katika mimea iliyo bora na kuzirudisha, ili mwingine aazime msimu ujao.

Ugumu uko wapi? Tunda zuri kuliko yote ndilo tunalotamani kula au kuuza kwanza! Lakini tukirudisha mbegu za mmea dhaifu, jirani atavuna udhaifu. Tusiporudisha kabisa, kabati litabaki tupu.

Walio wapya waanze na maharagwe au nyanya, maana maua yake hujichavusha yenyewe. Mahindi huchanganyika kwa upepo, na mbegu ya chotara haizai kama mama yake. Mbegu zikaushwe vizuri, pakiti iandikwe jina na mwaka.

Tujadiliane:

1. Msimu uliopita, nani kati yetu aliacha mmea bora kwa ajili ya mbegu?
2. Ni mbegu gani za wazee wetu zinazopotea hapa kwetu?
3. Tukitaka kuanza, nani atashika daftari, na nani atamwona afisa wa kilimo kwanza?